Mtungi Usio na Tundu

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa kidato cha tano, niliponyoosha mkono darasani kwa kujiamini kuliko siku zote za maisha yangu, nikajibu swali la mwalimu, na jibu langu likalivuruga darasa zima mpaka kengele ikagongwa. Sikukusudia fujo. Nilijibu nilichokijua. Nawe uliponijia jana umekunja uso, ukaniambia shairi ulilopewa shuleni limekushinda na pengine huna akili, nilicheka moyoni. Sikukucheka wewe, nilijicheka mimi. Kaa basi nikusimulie, na ukiona nimenyamaza katikati usinisukume, maana ndani yake yumo mama yangu.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya ruksa. Ninyi mmezaliwa mkakuta maduka yamejaa, hamwezi kujua. Sisi tulitoka kwenye miaka ya kupanga foleni ya sabuni, na nyumba yenye sahani nzima ya dukani ilionekana nyumba ya wenye nazo. Mara biashara ikafunguliwa. Ikaja mitumba kwa marobota, zikaja redio na betri, ikaja plastiki ya kila rangi. Vitabu tu ndivyo havikuja. Mwalimu wetu wa fasihi ya Kiingereza, Mwalimu Ishengoma, kijana wa Bukoba ambaye joto la kwetu lilikuwa likimtesa kuliko sisi, alikuwa na kitabu kimoja kilichochanika jalada, na sisi tulikuwa darasa zima. Ikabidi ayaandike mashairi ubaoni, nasi tunakili, huku chaki inamjaa kwenye nyusi.

Shairi la siku ile lilitungwa na Mzungu wa zamani, na lilihusu mtungi. Mtungi wa kale, wa watu waliokwisha kufa wote, umechorwa picha kuuzunguka. Kuna msichana amebeba kikapu cha zabibu, kuna kijana amenyoosha mkono kumwomba, na nyuma yao kuna mzee anapuliza zumari. Mshairi anawasemesha. Anawaambia heri yenu, zabibu zenu hazitaoza, mkono wako kijana hautachoka, nawe binti hutazeeka, sisi tutakufa na ninyi mtabaki vilevile. Mwishoni anasema maneno fulani kuhusu uzuri, kwamba mtu akishaupata hana haja ya kutafuta kingine, na hapo hata Mwalimu Ishengoma alijikuna kichwa.

Zabibu zenyewe hakuna aliyekuwa amewahi kuziona. Tukakubaliana ziwe mabibo, matunda ya mkorosho, kwa kuwa mikorosho tumekulia chini yake. Hapo ndipo tulipozidi kuchanganyikiwa. Bibo likianguka asubuhi, jioni limeshachacha na nzi wamelijaa. Sasa bibo lisilooza ni bibo gani, na nani angelitaka?

Mwalimu akauliza, "Kwa nini mshairi anausifu mtungi, lakini anaonekana kama ana huzuni?"

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Kwa sababu mtungi hauna tundu."

"Tundu gani?"

"Mwenyewe alikufa, hawakuutoboa. Kwa hiyo hawezi kupumzika. Mshairi anamwonea huruma."

Wenzangu wa Rutamba na wa Nachingwea wakatikisa vichwa, kwamba ndiyo, iko wazi. Wa Kilwa mjini wakaangua kicheko wakasema hao Wamwera wameanza. Mmakonde mmoja akasimama akasema kwao hutoboa sahani na vikombe pia. Mwingine akauliza kama Wazungu nao hutoboa, na kama hawatoboi, wafu wao wanaishije. Mwalimu Ishengoma alisimama na chaki yake mkononi kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Maskini, alikuwa ameandaa maneno mazuri kuhusu sanaa.

Pengine nawe hujui, maana siku hizi desturi hii imepungua. Kwetu mtu akifa, chombo alichokuwa akilia chakula hupigwa msumari kikatobolewa chini, kisha hupelekwa kaburini kikawekwa kichwani pake. Ukiuliza kwa nini, huyu atakuambia ni ili mwizi asikichukue. Mwingine atakuambia chombo nacho lazima kife. Bibi mzaa mama alikuwa akisema ni ili marehemu asirudi kukiulizia. Shehe wa pale kijijini alikuwa akinung'unika kwamba dini haikuagiza hayo, lakini alipokufa mkewe sikumwona akizuia. Sijapata kuwasikia watu wawili wakitoa sababu moja, na wote walitoboa.

Sasa nikueleze kwa nini nilijibu haraka vile. Mama yangu, Bi Somoe, alikuwa amefariki mwaka uleule, na bakuli lake lilikuwa halijatobolewa.

Lilikuwa bakuli la kauri, jeupe, alilopewa siku ya harusi yake. Ndani, chini kabisa, palichorwa samaki wawili wa buluu wanafukuzana. Ulikuwa huwaoni mpaka umalize mchuzi. Utotoni mama alikuwa akinilisha humo kwa hila hiyo, kula upesi samaki wanakungoja, nami nakula, na chini nawakuta palepale hawajashikana. Miaka ile ya shida, vyombo vyote vya nyumba yetu vilivunjika kimoja kimoja na dukani hakuna kingine, lile likabaki. Basi alipokufa, Mjomba Hamisi, kaka yake, ambaye kwa desturi yetu ndiye msemaji wa mambo ya dada yake, akalidai. Baba akasema bado. Arobaini ikasomwa, baba akasema bado. Nikarudi shuleni nikiwa nimemwacha amelikumbatia kama mtoto mgonjwa.

Likizo ya Desemba nilifungasha daftari langu na shairi limo, nikapanda gari la korosho mpaka Mingoyo, nikabadili, nikafika Rutamba alasiri. Nilijua kitu si sawa kabla sijaingia ndani. Ulikuwa msimu, na chini ya mikorosho yetu mabibo yalikuwa yamelala yameoza, korosho bado zimo hazijaokotwa. Baba yangu, Mzee Mfaume, ambaye majirani walikuwa wakimtania kwamba huamka kabla ya jogoo kuokota korosho, alikuwa amekaa barazani amevaa shati linalomning'inia. Nilimpa shikamoo, akaitika marahaba, akaniangalia kama anajaribu kukumbuka mimi ni wa nani. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko siku ya msiba.

Jirani akanieleza. Kila jioni baba alikuwa akisonga ugali, anapakua kwenye bakuli la mama, analiweka kwenye mkeka mahali mama alipokuwa akikaa, kisha anangoja. Mwenyewe hali mpaka mama aanze. Chakula kinapoa, anakwenda kukimwaga, analiosha bakuli, analala. Akibanwa sana anatafuna muhogo mbichi. Kijiji kizima kilikuwa kikisema Somoe hajaondoka kwa sababu chombo chake kizima, na kwamba atamchukua mumewe.

Mjomba Hamisi alikuja kesho yake na bakuli la plastiki la kijani, jipya, karatasi ya dukani bado imebandikwa. Akanivuta pembeni.

"Hawa, mwanangu, wewe umesoma. Baba yako mimi hanisikii. Tutoboe hili, tulipeleke kaburini, watu wanyamaze. Lile la kauri abaki nalo akitaka."

"Mjomba, marehemu si atajua kwamba si lake?"

"Aka! Siku hizi wote wanafanya hivyo. Ruksa! Utatoboa kauri wakati plastiki ipo?"

Sikujua nicheke au nilie. Lakini nilifurahi, kwa sababu mimi nilikuwa natafuta njia bakuli la mama libaki zima. Sikutaka litobolewe. Darasani nilisema mtungi usio na tundu ni huzuni, na kila neno nililiamini, lakini Mwalimu Ishengoma alikuwa amenieleza baadaye, kwa upole sana, kwamba sivyo. Akasema mshairi anafurahi kwamba kitu kizuri kimewashinda wafu na walio hai. Nililala na maneno hayo, nikaamka nayo, yakaninogea. Kama Mzungu msomi anasema chombo kizuri kibaki milele, mimi ni nani hata mama yangu apigiwe bakuli lake msumari? Nikawa nimelichukua shairi lile kama mtu anavyomchukua shahidi kumpeleka barazani.

Basi nikawakalisha wote wawili, baba na mjomba, nikatoa daftari. Nikalisoma kwa Kiingereza kwanza, ili walione lina heshima zake, halafu nikalitafsiri mstari kwa mstari. Mjomba alikuwa na maswali mengi, mengine ya ajabu.

"Huo mtungi mwenyewe wa ukoo gani?"

"Haijulikani, mjomba."

"Basi ameupata wapi? Mtu haoni mtungi wa watu asiowajua akausifu. Umeibiwa huo."

"Upo kwenye nyumba ya makumbusho."

"Ndivyo nilivyosema."

Nilidhani baba hasikii. Nilipofika kwa yule kijana aliyenyoosha mkono, akainua uso.

"Huyo kijana," akasema, "anaomba nini?"

"Mabibo, baba. Zabibu, lakini tuseme mabibo."

"Anapewa?"

"Hapana. Ni picha. Anabaki vilevile siku zote."

"Na mkono hauteremshi?"

"Hauteremshi. Ndiyo uzuri wake, baba. Mshairi anasema ana furaha, maana hatachoka wala—"

"Hajala tangu siku hiyo?"

Nikachanganyikiwa. Hilo mwalimu hakulisema, wala mimi sikulifikiria. Nikafungua daftari nikatafuta kama mahali popote pameandikwa kwamba anakula, nikapekua chini na juu, kumbe nalijua lote kwa moyo na hilo halimo. Nikamwambia, "Hajala, lakini ana heri. Imeandikwa hapa, ana heri."

Baba akanitazama kwa huruma, utadhani mimi ndiye mgonjwa. "Aliyeandika alikuwa ameshiba," akasema.

Akaingia ndani. Tukasikia anapekua. Mjomba akaninong'oneza, "Umemwambia nini?" nami nikamjibu kwamba sijui, na kweli sikujua. Baba akatoka na bakuli la mama, nyundo, na msumari wa inchi mbili. Nikapiga kelele. Nikasema baba, usilitoboe, sikiliza shairi mpaka mwisho, mwisho wake ni mzuri. Mjomba naye akasimama na plastiki yake, "Shemeji, hili lipo, hili hapa!" Watu wawili tuliokuwa tumekuja kulitetea bakuli kwa sababu mbili tofauti, tukamzunguka mzee wa watu kama kuku.

"Somoe hakulia plastiki," baba akasema, akatupita.

Tukamfuata mpaka makaburini. Kutoboa kauri si kama kutoboa bati. Ukipiga kwa pupa inapasuka vipande, na chombo kilichopasuka hakiwekwi. Baba alichimba mchanga mbichi, akalijaza bakuli nusu, akaukandamiza, akalikalisha juu ya mchanga mwingine ili lisiguse kitu kigumu. Halafu akaufukua mchanga wa katikati kwa kidole mpaka samaki wakaonekana. Akauweka msumari. Nikaona mkono wake unasita, unahama, unakwenda kwa samaki wa kwanza, unamwacha, unakwenda kwa wa pili, unamwacha. Nilikuwa nalia kwa sauti na sikuona haya. Mwishowe akauweka katikati yao, penye ile nafasi ndogo ambayo walikuwa hawajawahi kuivuka. Akagonga polepole, anageuza msumari, anagonga, anapuliza vumbi. Ilichukua muda mrefu. Tundu likatoka, dogo, safi, na kauri haikupata hata ufa.

Mjomba akataka lifudikizwe, kama ilivyo desturi. Baba akakataa, akaliweka limeangalia juu.

"Mvua ikinyesha maji yatapita," akasema. "Samaki wabaki."

Mjomba hakuelewa. Nami sikuelewa, ijapokuwa ndiye niliyekuwa na daftari. Nilipatazama pale alipolala mama, nikawatazama samaki wale, wazuri vilevile, pengine wazuri zaidi kwa kuwa sasa kila mtu angewaona bila kumaliza mchuzi. Na nikajua kwamba humo hatakula mtu tena. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na amani, vyote kwa pamoja, na nilitaka mtu aje aniambie kipi ndicho. Hakuja.

Tuliporudi, jua likiwa bado juu, nikasonga ugali na kisamvu. Baba akauliza atakula kwenye chombo gani, maana lile alilozoea kuliandaa halipo. Mjomba, kwa aibu kidogo, akasogeza bakuli la kijani. Baba akalipokea, akaosha mikono, akala. Alikula tonge la kwanza kwa shida, kama koo limesahau njia, halafu la pili, halafu akaomba chumvi. Mjomba wangu, mtu mzima na ndevu zake, akageukia ukutani akawa anajifuta macho kwa kofia. Mimi niliendelea kumpakulia baba mpaka akanizuia. Kesho yake akaniamsha twende tukaokote korosho kabla hazijaota.

Niliporudi shuleni, Mwalimu Ishengoma aliniuliza kama nimelielewa shairi sasa. Nikamwambia, "Mwalimu, nilipoondoka nilikuwa nimelielewa. Sasa hivi silielewi kabisa." Nilitegemea anikemee. Akavuta kiti akakaa, akaniambia nimsimulie. Nilimsimulia yote. Alipomaliza kusikiliza akafungua kile kitabu chake kilichochanika, akalisoma shairi upya, peke yake, midomo inacheza, kama ndiyo kwanza anakutana nalo. Kisha akasema, "Hata mimi, Hawa, nilikuwa nimekaa upande wa mtungi tu. Yule kijana sikumwangalia." Kwenye mtihani niliandika alichotaka kusahihisha mtu wa mtihani, nikapata nilichopata, hilo si neno.

Nimelifundisha shairi lile miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu mwenyewe. Kuna miaka niliyosema mshairi ana haki, kwa sababu kweli kizuri hubaki na sisi tunapita, na bila kubaki kwake tungekumbuka nini? Kuna miaka niliyosema baba yangu ndiye mwenye haki. Wanafunzi wakinibana niseme lipi, nilikuwa nawakasirikia bure, kwa sababu sikuwa na jibu. Leo ninazo mvi na bado sina. Baba aliishi miaka mingi baada ya pale na akazikwa pembeni ya mama, na tulipokwenda kumzika bakuli lilikuwepo, limetulia mchangani. Bakuli la kijani nalo tulilitoboa. Halikuwa na picha yoyote, na nililililia vilevile.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na wala si ndefu. Shairi likikushinda usikimbilie kusema huna akili. Wala usikimbilie kusema umelielewa, maana mimi nilipokuwa na hakika ndipo nilipokuwa mbali zaidi. Kaa nalo. Msomee mtu ambaye ana jambo linalomkera moyoni, umsikilize atakachouliza, hata kama swali lake linaonekana kwako la kijinga, hata kama anauliza tu kama mtu wa kwenye picha amekula. Usilibebe shairi kwenda kumshinda nalo mtu. Halikutungwa kwa kazi hiyo, na litakugeuka mbele za watu.

Na jambo la pili nakuambia kwa sababu nimekuona. Nimekuona ukifungua simu na kuisikiliza sauti ya rafiki yako aliyefariki, unairudia, unairudia, chakula kimepoa mbele yako. Sauti hiyo ni nzuri, mwanangu, na sikuambii uifute, kwa maana sijui kama ningeweza mimi. Itunze. Lakini yeye amebaki pale aliposemea, na mkono wake hauteremki tena. Wa kwako unateremka. Uteremshe, unawe, ule.

Mwenyezi Mungu akupe vitu vizuri vya kutazama, na moyo wa kuviachia vikikutaka uviachie. Akupe mtu wa kukupakulia siku utakayosahau njaa yako. Na palipo na giza katika kusoma kwako akuwekee subira, wala asikuondolee maswali. Amina. Haya, ugali huo unapoa.